Bakuli la Hajja Bakhita

Hajja Bakhita Surur alikuwa mtu wa neno moja. Akikataa amekataa. Kwa hiyo vijana wa makumbusho walipokuja kumwomba bakuli la mama yake, akawafukuza hata chai hawajaimaliza, mtaa mzima wa Malakia ulijua kwamba hapo hapana mjadala. Na wiki iliyofuata alipokwenda mwenyewe kwa miguu kuwaambia kwamba bakuli watalipata, watu walitazamana. Hajja kageuka? Labda anaumwa.

Haumwi wala nini. Alikuwa na hasira, na hasira hiyo aliipata sokoni Konyokonyo. Ulikuwa mwaka wa mwisho kabla ya kura ya maoni, Juba nzima ikizungumza habari ya kujitenga, na wafanyabiashara wengi Waislamu wa kutoka kaskazini walikuwa wanafunga maduka na kupakia mizigo yao melini. Hajja alikuwa anachagua bamia. Muuza bamia, msichana wa umri wa mjukuu wake, akautazama ushungi wake, akamwita bibi, akamwuliza kwa upole kabisa, "Na nyinyi, haboba, mnarudi kwenu Khartoum lini?"

Kwetu! Hajja alizaliwa Malakia. Mama yake alizaliwa Malakia na kuzikwa Malakia. Khartoum alikuwa ameiona mara moja tu, akienda Hija, na wala haikumpendeza. Aliziacha bamia palepale juu ya meza, akashika njia ya nyumbani akisema peke yake, na kabla hajafika akawakumbuka wale vijana.

Makumbusho yenyewe yalikuwa nyumba ya zamani ya tajiri mmoja, vyumba viwili na baraza, ambamo walikusanya vitu vya sanaa ya Kiislamu: misahafu iliyoandikwa kwa mkono, mbao za kuandikia za watoto wa chuo cha Kurani, mabirika, mikeka, vitambaa vilivyodariziwa. Nyumba ilikuwa imekaa wazi karibu mwaka mzima, na walioingia humo ni wageni wa mashirika na mbuzi mmoja. Wengine walidhani ni ofisi ya serikali, wengine walidhani kiingilio chake si cha watu kama wao. Basi mkuu wake, kijana Mkenya aitwaye Alfayo, akaamua kwamba Jumamosi na Jumapili milango itakuwa wazi, bure, kila mtu aje. Akaziomba familia za zamani za Malakia ziazime vitu vyao kwa siku hizo mbili, ili watu waone kwamba vitu hivi ni vya Juba na havikuja jana. Hicho ndicho Hajja alichokitaka sasa, watu waone.

Bakuli hilo, ukilitazama harakaharaka, ungesema la kunawia mikono. Lilikuwa la shaba, ukingo umechakaa, lakini ndani limechongwa aya kwa herufi ndogondogo zinazozunguka kutoka ukingoni hadi katikati. Mtu akiugua, jamaa yake alikuja kugonga kwa Hajja. Alipewa bakuli limefungwa katika kitambaa, akaenda nalo, akatia maji safi, mgonjwa akayanywa humohumo. Sharti lilikuwa moja: maji yaliyopita juu ya maneno ya Mungu hayamwagwi chini yakakanyagwa. Mgonjwa huyamaliza yote. Kesho yake bakuli lilirudi na donge la sukari ndani, kwa sababu si adabu kulirudisha tupu.

Waislamu waliliazima, Wakristo waliliazima, na wakati wa vita waliliazima hata askari ambao mchana walikuwa wanapekua nyumba yake. Wote Hajja aliwaambia maneno yaleyale: mpelekeni hospitali kwanza, anayeponya ni Mungu, bakuli ni adabu tu ya kuomba. Watu waliitikia ndiyo, ndiyo, kisha wakalibeba kwa mikono miwili kama mtoto mchanga.

Naye alikuwa na sababu yake ya kutomnyima mtu. Vita vilipopamba moto alikimbilia Bombo, Uganda, kwa ndugu za mumewe, bakuli akaliacha Juba kwa mama yake. Huko Bombo homa ikamshika mwanawe Marjan. Madaktari walifanya waliloweza, na Hajja alikaa kando ya kitanda akilifikiria bakuli lililo ng'ambo ya mpaka, juu ya kabati la mama yake, halina kazi. Marjan alikufa. Hajja hakusema hata siku moja kwamba bakuli lingemponya. Lakini aliporudi Juba, baada ya amani kutiwa saini, aliapa kwamba halitakuwa tena mbali na mtu anayelihitaji.

Sasa alikuwa analitoa likae mbali kwa sababu ya muuza bamia. Alilijua hilo, na akajiambia siku mbili si kitu.

Ijumaa alasiri akalipeleka. Alfayo alilipokea kwa heshima zote. Alikuwa kijana mwenye adabu zake, shati limenyooshwa pasi hata katika joto lile.

"Watu watajaa, Hajja," alisema. "Ni bure, si unajua watu na vitu vya bure."

"Na mwizi, yeye pia anaingia bure?"

"Tumetengeneza kabati za vioo. Ziko na kufuli."

"Kioo ni kitu ya kuvunja. Sikia, ya weledi, mwanangu. Hii bakuli ikipotea, mimi nalala hapa kwa mlango yako mpaka nikufe. Funga yeye kabisa. Funga mpaka wewe mwenyewe ukitaka kutoa, ushindwe."

Alfayo akacheka, akamgeukia fundi seremala aliyekuwa anapigilia rafu ukutani. "Okumu, umesikia Hajja? Vitu vyote vya shaba vifungwe, visitoke."

"Hiyo ni kazi ndogo, bosi," Okumu akajibu bila kugeuka, misumari imo mdomoni. Hajja akaenda zake ameridhika.

Jumamosi watu walikuja hadi Alfayo mwenyewe akaogopa. Walikuja wanafunzi wa chuo kikuu kutoka Atlabara na madaftari yao, waendesha bodaboda waliotaka tu kivuli, masista wawili, wanajeshi waliovua kofia mlangoni bila kuambiwa, na wanawake wa sokoni na watoto mgongoni. Hajja alikuwa amesimama kando ya kabati lake, amevaa tobe, vazi refu la kujitanda, aliloliweka kwa ajili ya harusi za wajukuu. Kitu kimoja tu kilimuudhi. Alfayo, kwa kutaka kupamba, alikuwa amejaza maua ya plastiki ndani ya bakuli.

"Hii ni kaburi?" alimwuliza. "Toa hii maua. Watu hawaoni maandiko."

"Pole sana, Hajja. Ufunguo wa hiyo kabati Okumu amebeba, na leo ako na kazi kule Lemon Gaba. Kesho jioni atakuja kufungua."

Hajja alisonya, lakini hakukasirika sana, maana watu walikuwa wanamsubiri aeleze. Na alieleza. Alieleza nani aliyelileta bakuli Malakia, na ni nani na nani waliolinywea. Mzee mmoja wa kabila la Bari alipaza sauti kutoka nyuma kwamba yeye mwenyewe alilinywea akiwa mtoto, na mama yake alikuwa wa kanisa, na watu wakampigia makofi. Mwanafunzi mmoja akauliza kama Waislamu watabaki baada ya kura. Hajja akamjibu kwamba yeye tayari ana kadi ya kupigia kura, je, mwenzake anayo? Ukumbi ukaangua kicheko. Jamani, alikuwa na furaha. Kwa miaka mingi hakuwahi kufurahi hivyo, na tusimlaumu.

Katikati ya furaha hiyo ndipo alipokuja Jovia. Alikuwa mwanamke wa Uganda, mwenye duka la vyakula Sherikat, karibu na daraja, na alikuwa amesimama kwa muda mrefu akisubiri wengine wamalize kuuliza.

"Mama, hii ndiyo ile bakuli wanasemaga?"

"Ndiyo yenyewe, ya binti."

"Mimi iko na mgonjwa. Bwana yangu. Ilikuwa dereva ya lori, inatoka Kampala inaleta mizigo hapa. Sasa ini imeharibika. Hospitali wamesema nikae na yeye nyumbani." Akasogea karibu na kioo. "Sisi ni Wakatoliki, lakini Mungu si iko moja tu? Nipatie maji ndani ya hii, nipeleke kwa yeye leo."

Hajja akalitazama kufuli. Angeweza kumwambia Alfayo avunje kioo. Siku nyingine yoyote angekivunja mwenyewe kwa kiatu. Lakini nyuma ya Jovia foleni ilikuwa imefika hadi barazani, na Alfayo alikuwa amemnong'oneza kwamba mke wa waziri mmoja yuko njiani, na Hajja alitaka, moyoni alitaka kabisa, bakuli liwepo pale mke wa waziri akiingia.

"Kesho," akasema, akamshika Jovia mkono. "Kesho jioni ikitoka hapa, nyumba yako ndiyo ya kwanza. Mimi mwenyewe naleta. Neno yangu."

Jovia akashukuru, akaenda. Mke wa waziri hakufika.

Jumapili mchana Jovia alikuwa amekwisha kurudi. Hakuingia ndani. Alikaa barazani na chupa ya maji aliyoyachemsha na kuyachuja, ameishika mapajani, na kila Hajja alipochungulia dirishani alimwona palepale. Kufikia saa tisa Hajja hakuwa na hamu tena ya kueleza. Watu walimwuliza naye akajibu nusunusu. Alitaka wamalize kutazama, waende makwao.

Hatimaye wakaisha. Okumu akaja, amevaa suti yake ya kanisani, mkononi bisibisi. Akafungua kufuli, akayatoa maua ya plastiki, akayaweka chini.

Katikati ya bakuli, mahali herufi zinapokutania, palikuwa na skrubu. Kichwa chake kilikuwa kipana kama shilingi, kimekaa juu ya maandiko. Hajja alikitazama bila kuelewa. Alifikiri ni kitu kilichodondoka humo, akanyoosha mkono akiondoe, nacho hakikuondoka.

"Ngoja, Mama Hajja, nafungua," Okumu akasema. "Nimeweka na nati chini ya ubao. Hii hata wezi kumi hawangetoa." Alisema kwa fahari ya fundi. Akazungusha, akazungusha, skrubu ikatoka, naye akalinyanyua bakuli akampa kwa mikono miwili.

Hajja aliliinua kwenye mwanga wa dirisha. Tundu lilikuwa safi, la duara, mashine ilikuwa imetoboa bila kutetereka. Kidole cha shahada kingepita nusu.

"Nani alikwambia kutoboa?" Sauti ilikuwa ndogo, hata Alfayo aliyekuwa chumba cha pili akaja mbio kwa sababu ya udogo wake.

Okumu alimtazama Alfayo, akamtazama Hajja. "Mama, si ni wewe? Ulisema nifunge mpaka mwenyewe ashindwe kutoa. Mimi nilijua ni ya kuangalia tu. Hapa kila kitu ni ya kuangalia."

Alfayo alishika kichwa. Alianza kusema kwamba alipaswa kulikagua, kwamba kosa ni lake, kwamba kuna mafundi Nairobi. Hajja hakumsikia. Alikuwa anayasikia maneno yake mwenyewe ya Ijumaa, moja baada ya jingine, na sauti aliyoyasemea, sauti ya mtu mwenye mali. Mama yake alilificha bakuli hilo wakati wa mizinga. Halikutoboka kwa risasi wala bomu. Limetobolewa na yeye, kwa woga wa wezi na kwa kutaka sifa, na lile tundu aliliona limepita moja kwa moja katika kifua chake.

Jovia alikuwa amesimama mlangoni. "Mama, iko tayari?"

Okumu, maskini, akasema kwa sauti ya chini kwamba anaweza kuziba kwa sabuni, au kwa gundi, itashika hata saa moja. Hajja akatikisa kichwa. Hayo maji hayaguswi na sabuni wala gundi. Akalifunga bakuli katika kitambaa chake, upesi, Jovia asione.

"Iko tayari," akasema. "Twende."

Alfayo akawaendesha hadi Sherikat. Fulgensio, mume wa Jovia, alikuwa amelala kwenye godoro nyuma ya duka, katika chumba cha mabati. Ungeweza kuona kwamba aliwahi kuwa mtu mkubwa, kwa jinsi shati lilivyokuwa la mtu mwingine. Macho yalikuwa ya manjano, lakini alicheka alipomwona Hajja.

"Karibu, Hajja. Mimi Mkatoliki. Hiyo maji yako haitagomana na ile ya padri?"

"Itapatana na yeye ndani," Hajja akajibu. "Wewe kunywa tu."

Akakaa chini kando ya godoro, akakunja ncha ya tobe lake chini ya bakuli, akaweka kidole gumba kwa chini, juu ya tundu, akakikandamiza. "Mimina," akamwambia Jovia. Jovia akamimina. Maji yalitulia juu ya herufi, na kwa kitambo Hajja aliamini yatakaa.

Hayakukaa. Kidole cha mtu mzima kina mifupa na mikunjo, hakizibi kama kizibo. Yalianza kupita pembeni, tone kwa tone, yakateremka kwenye kiganja, yakaingia kwenye mkono wa nguo hadi kwenye kiwiko. Fulgensio alikunywa polepole, kwa shida, akipumzika kati ya funda na funda, na kila alipopumzika maji yalikuwa yanapungua. Hajja alitaka kumwambia aharakishe, na mtu huyo hakuwa na nguvu za kuharakisha. Alikandamiza kwa nguvu zake zote. Tobe la harusi likalowa mapajani. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuwa na mkono wa kuyafutia.

"Tamu," Fulgensio akasema, akalaza kichwa. Bakuli lilikuwa tupu. Alichokinywa yeye hakikufika nusu. Jovia alikuwa anamtazama mumewe, au labda alikuwa anatazama tobe, Hajja hakuweza kujua.

Fulgensio alikufa kabla ya wiki kwisha. Madereva wenzake walichanga wakapata gari la kumrudisha kwao, na asubuhi ya safari Hajja alivuka daraja kwenda kuaga. Jeneza lilikuwa limekwisha kupakiwa. Jovia alimvuta pembeni, nyuma ya magunia ya unga.

"Mama, nataka kuuliza kitu, na usikasirike." Alikuwa hajalala, sauti imekauka. "Ile maji, bwana yangu ilikunywa yote? Kwa sababu wanasema ni lazima yote. Ile siku niliona nguo yako."

Hajja alikuwa na jibu lake la miaka yote, lile la kwamba anayeponya ni Mungu. Lilikuwa jibu la kweli na alilitafuta, na kila alipotaka kulitamka alimwona Marjan kwenye kitanda cha Bombo. Alitambua hapo, nyuma ya magunia, kwamba hilo jibu hakuwahi kuliamini. Alikuwa amewapa watu kwa miaka yote ile neno ambalo yeye mwenyewe halikumtosha hata siku moja.

"Alikunywa yote," akasema. "Nguo ilikuwa jasho."

Jovia akamtazama, kisha akaitikia kwa kichwa, mara nyingi, kama mtu anayejifundisha. "Basi ni Mungu imeamua," akasema, na akapanda gari.

Okumu hakuwa na amani. Alimtafuta fundi wa masufuria sokoni, mtu anayejua kazi ya lehemu, akaja naye hadi Malakia, akasimama mlangoni kama mwenye deni. Tundu likazibwa. Hajja akatia maji, akaliacha juani tangu asubuhi hadi adhuhuri, hata tone halikutoka. Majirani waliokuja kutazama walisema alhamdulillahi, limepona. Lakini Hajja hakuwa tena na neno la kumpa mtu pamoja nalo; akalikausha, akalifunga katika kitambaa, akalipeleka makumbusho bila kuitwa na mtu.

"Weka," akamwambia Alfayo.

"Kwa siku ngapi, Hajja?"

"Weka tu."

Alfayo akautazama uso wake, akalipokea.

Mwezi haukuisha, mtu akagonga. Alikuwa kijana wa Malakia hiyohiyo, Hajja alimjua tangu anatambaa, na mkewe alikuwa na homa ya uzazi. Walikuwa wametoka hospitali, alisema, dawa wamepewa, sasa anaomba bakuli. Hakuuliza kama lipo. Alikuwa amekuja na kitambaa chake kabisa, cheupe, kimefuliwa.

"Haiko," Hajja akasema. "Iko makumbusho."

"Watanipa nikienda?"

"Hapana, ya weledi. Siku hizi ni ya kuangalia tu."

Yule kijana akakikunja kitambaa chake, akamtakia Hajja afya njema, akaondoka. Hajja hakufunga mlango. Alisimama akamtazama hadi alipopinda kwenye kona ya msikiti, na midomo yake ikitafuta jina la mwanamke yule mgonjwa ili amwombee, akagundua kwamba hakumwuliza.